Mzee wa Jezi Namba 11

(Maneno ya mwalimu mstaafu wa michezo mbele ya walimu wa michezo wa shule za sekondari, Morogoro)

Ndugu mwenyekiti, ndugu maofisa michezo, walimu wenzangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, ambao siku hizi naona ndio wengi, hamjambo.

Katibu aliponipigia simu alinitaka nije kuzungumzia mbinu za ushindi. Nikamwambia, mwanangu, umekosea namba. Mimi katika miaka 31 ya kufundisha mpira nimeingia fainali ya mkoa mara mbili. Mara zote mbili nimefungwa, na ile ya pili nilifungwa na timu ambayo kipa wao alidaka peku. Akacheka sana, akasema basi njoo uzungumzie unachokijua. Nimekuja kuzungumzia kukosa kombe. Na kwa sababu mimi ni mtu mdogo, nimewaletea mfano wa mtu mkubwa.

Anaitwa Mike Martin. Alikuwa kocha wa besiboli wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida, mjini Tallahassee, Marekani, kuanzia msimu wa 1980 hadi 2019. Misimu 40, chuo kimoja. Alishinda mechi 2,029 na kupoteza 736. Katika besiboli ya vyuo vya daraja la kwanza, hakuna aliyewahi kufika huko. Na katika misimu yote 40, ubingwa wa taifa hakuupata hata mara moja.

Naona mwalimu pale nyuma anatikisa kichwa. Ndiyo. Hata mara moja.

Nilimfahamu kwa kumwangalia tu, hatukuwahi kusalimiana. Mwaka 1998 nilipata nafasi ya kusoma kule kwa miaka miwili. Jirani yangu wa bweni akaniburuta uwanjani mwezi Februari, baridi inauma, mimi nimevaa makoti mawili. Besiboli nilikuwa siijui. Niliona mtu amesimama juu ya kichuguu katikati ya uwanja, anarusha mpira mdogo mgumu kwa mwenzake aliyechuchumaa umbali wa mita 18 na ushee. Katikati yao kuna adui ameshika gongo. La aluminiamu, jamani, si lile la kunywa. Akiupiga anakimbia kuzunguka vituo vinne, akirudi nyumbani salama timu yake imepata mbio moja. Kila timu ina zamu tisa za kupiga. Waliowahi kucheza raunda shuleni watanielewa upesi.

Kilichonishangaza ni kocha. Kwenye besiboli kocha anavaa jezi kama wachezaji. Suruali ile ile ya kubana, mkanda, kofia, namba mgongoni. Nikaona baba mtu mzima wa miaka 50 na kitu, jezi namba 11, anatembea kwenda kuzungumza na mrushaji wake kama vile na yeye ataingia zamu ijayo. Watu wa Tallahassee hawakumwita kwa jina. Walimwita Kumi na Moja, kwa Kiingereza chao, kama sisi tunavyomwita mtu Babu au Mwalimu.

Na kuna kitu kingine niliambiwa nisimame, nikasimama bila kujua kwa nini. Katikati ya zamu ya tano, jukwaa moja la mashabiki wenye kelele, ambao wanajiita Wanyama wa Jukwaa B, wanaimba wimbo wa taifa wa Kanada. Wa Kanada! Florida na Kanada wapi na wapi? Nikadhani kuna balozi amekuja. Hamna, ni desturi yao tu. Nimeshaona utopolo mwingi kwenye viwanja vyetu vya ndondo, ule bado unaongoza.

Tuendelee. Martin alizaliwa 1944, akakulia Charlotte, North Carolina. Alicheza chuo hicho hicho, na mwaka 1965 alikuwemo kwenye kikosi kilichokwenda Omaha, jimbo la Nebraska, kwenye fainali za taifa za vyuo. Mashindano yale yako Omaha tangu 1950, na mtu wa besiboli ya chuo akisema "tunakwenda Omaha" ni kama mtoto wetu anaposema anakwenda UMISSETA taifa, ile michezo ya shule za sekondari. Baada ya chuo alijaribu ngazi za chini za wachezaji wa kulipwa, ligi kuu hakuifikia, akarudi Tallahassee kufundisha. Kuna kipindi alifundisha hata mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha mji ule. Mwaka 1975 akaingia benchi la ufundi la chuo chake cha zamani kama msaidizi.

Sasa sikilizeni alivyopata kiti. Mwaka 1979 timu ile ilifundishwa na Dick Howser, mtoto wa chuo kile kile, mchezaji wa zamani aliyesifika. Howser alikaa msimu mmoja, akaitwa New York kuwaongoza Yankees, klabu kubwa kuliko zote Marekani. Msaidizi akaachiwa funguo. Basi msimu huo huo wa 1980 Howser alishinda na Yankees mechi 103. Mia moja na tatu! Akaingia mchujo, akafungwa mechi tatu mfululizo na Kansas City, akafungashiwa virago. Miaka mitano baadaye, 1985, akawapa hao hao Kansas City waliomwondoa ubingwa wa ligi kuu, ambao wenyewe wanauita wa dunia. Mwaka 1987 akafariki kwa uvimbe wa ubongo, ana miaka 51. Uwanja wa Tallahassee una jina la Howser, na tangu 2005 nyasi zenyewe, eneo la kuchezea, zina jina la Martin. Mmoja alipata kombe na hakupata muda. Mwenziwe alipata muda na hakupata kombe. Nimewaza hilo mara nyingi nikiwa kwenye basi, sijapata jibu la nani alipunjika.

Mniruhusu niseme la kwangu kidogo. Ile fainali ya pili niliyofungwa, Jumatatu yake niliitwa ofisini. Shule siitaji, na mkuu wake simtaji. Niliambiwa timu nimkabidhi kijana mwenye "damu mpya". Miezi minane nilikuwa nawafundisha watoto wale alfajiri, nawanunulia ndimu kwa mshahara wangu, na hesabu yote ikafanywa kwa dakika 90. Sikulalamika, nikarudi kwenye jiografia. Lakini siku hiyo ndiyo nilipomkumbuka yule mzee wa Tallahassee, nikajiuliza: chuo chake kilikuwa kinahesabu nini, mpaka kikamwacha miaka 40?

Nadhani kilikuwa kinahesabu Jumanne.

Msimu wa kawaida wa besiboli ya chuo ni mechi 56, kati ya Februari na Mei. Ijumaa, Jumamosi na Jumapili mnacheza na mpinzani mmoja mechi tatu. Halafu Jumanne au Jumatano kuna mechi ya katikati ya wiki, mara nyingi na chuo kidogo cha jirani, televisheni haipo, mrushaji wako bora anapumzisha mkono, wachezaji wana mtihani kesho yake. Hapo ndipo timu kubwa zinapoumbuka. Timu ya Martin haikuumbuka mara nyingi. Kila msimu, wote 40, alishinda mechi zisizopungua 40. Kila msimu aliingia mashindano ya taifa. Gawanyeni wenyewe, walimu wa hesabu mpo: katika kila mechi nne alishinda karibu tatu. Kwa miaka 40.

Na msifikiri alikuwa na wachezaji wale wale. Hili ndilo linalonifanya nimheshimu zaidi. Kocha wa chuo anajenga nyumba ambayo kila mwaka msimu ukiisha mtu anakuja kung'oa mabati. Sheria ya kule ni kwamba kijana akishaingia chuo cha miaka minne, klabu za kulipwa haziruhusiwi kumchagua mpaka amalize mwaka wa tatu au afikishe miaka 21. Kwa hiyo aliyekomaa hasa, aliyeanza kukuelewa, anaondoka. Na yule mwanafunzi wa sekondari uliyemfuata nyumbani kwao, ukanywa chai na mama yake, akakubali kuja, anaweza kuchaguliwa na klabu kabla hajaripoti chuoni. Huna pa kushtaki. Ufadhili nao ulikuwa shida. Kwa sehemu kubwa ya kazi yake, timu nzima ya besiboli iliruhusiwa ufadhili kamili wa watu 11 na nukta saba. Nukta saba! Ulikuwa unaugawa ule mkate kwa vijana 20 na zaidi, huyu robo, huyu nusu, na wengine hawapati kitu. Sisi tukigombania posho ya maji tunadhani ni umaskini wa Tanzania. Kumbe kukata mkate ni kazi ya kocha popote.

Niwaeleze jambo moja taratibu, maana ndilo nililotaka kuja nalo.

Mwaka 2006 alikuja pale kijana anaitwa Buster Posey. Alicheza mwaka wa kwanza namba ya kati, ile baina ya kituo cha pili na cha tatu, ambayo ndiyo namba ya watoto wepesi wanaosifiwa. Alicheza vizuri. Kwa kawaida mtoto akicheza vizuri unamwacha. Benchi la ufundi likamwambia: kuanzia msimu ujao utakuwa mdakaji. Yule anayechuchumaa. Mdakaji anavaa kofia ngumu, kinga ya kifua na ya magoti kwenye joto la Florida, anainuka na kuchuchumaa zaidi ya mara mia kwa mechi, mipira inamgonga vidole. Hakuna mtoto anayeota kuwa mdakaji. Lakini ndiye peke yake uwanjani anayetazama upande tofauti na wenzake. Wanane wanatazama nyumbani, yeye anawatazama wanane. Enzi zile kila mpira uliorushwa, yeye ndiye aliyeutolea ishara kwa vidole. Ni kama nahodha aliyekaa chini.

Sasa, hii si hadithi ya kocha mwenye macho ya mchawi. Ni hadithi ya kocha aliyemtazama mtoto anayecheza vizuri akajiuliza kama kuna mahali atacheza vizuri zaidi. Mwaka 2008 Posey alimaliza msimu akiwa na wastani wa kupiga wa .463, na kwa wasioijua besiboli, mtu mwenye .300 anasifiwa. Mwezi Mei mwaka huo, katika mechi na Savannah State, chuo kidogo kama vile ninavyosema, walimzungusha namba zote tisa kwa mechi moja. Akawa mdakaji, akawa mlinzi wa nje, akapanda kichuguu akarusha, wapigaji wawili aliokutana nao akawatoa wote. Na katikati ya hayo akapiga mpira nje ya uwanja vituo vyote vikiwa vimejaa, mbio nne kwa pigo moja. Mwezi uliofuata klabu ya San Francisco ikamchagua, wa tano katika nchi nzima. Akatwaa nayo ubingwa wa dunia 2010, 2012 na 2014, akiwa mdakaji.

Mimi niliwahi kuwa na kijana wa namna hiyo. Miaka minne nilimpanga winga ya kulia kwa sababu alikuwa na mbio, na kila tulipofanya mazoezi ya mikwaju ya penalti alikuwa anaomba akae golini, anacheka, anadaka. Nilikuwa nafikiri anatania. Alipomaliza kidato cha nne akaenda kucheza mchangani, huko akawa kipa, na hadi leo mtaani kwao wanamwita kwa jina la kipa mkubwa. Alikuja kunisalimia mwaka juzi, akaniambia, "Mwalimu, mimi nilikuwa nakuonesha." Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

Turudi Omaha. Martin alipeleka timu Omaha mara 17. Mnaoijua besiboli mtaniunga mkono kwamba huu ni mchezo wa kudhalilisha wakubwa. Timu bora ya ligi kuu ya Marekani inafungwa mechi 60 kwa msimu na watu wanaisifu. Ukichukua mchezo wa aina hiyo, ukakusanya timu nane mji mmoja kwa siku kumi na kitu, ukisema ukifungwa mara mbili nenda kwenu, kombe linakuwa na mambo yake. Sisemi ni bahati nasibu. Augie Garrido, ambaye Martin alikuja kuivunja rekodi yake ya ushindi 1,975 mwezi Mei 2018, alitwaa ubingwa mara tano, na mtu hatwai mara tano kwa bahati. Ninasema mpira unadunda, na ule wa kwao unadunda zaidi.

Fainali yenyewe Martin aliifikia mara mbili. Mwaka 1986 chuo cha Arizona kiliwafunga 10 kwa 2, hapo hakuna la kujadili. Mwaka 1999 nilikuwepo, si Omaha, sebuleni bwenini Tallahassee, vijana wamejaa mpaka sakafuni. Mpinzani ni Miami, jirani wa jimbo moja, kama Simba na Yanga kukutana fainali. Wakafungwa 6 kwa 5. Mbio moja. Sikumbuki vizuri yaliyotokea uwanjani, nilikuwa bado nauliza sheria. Ninachokumbuka ni kijana mmoja mkubwa, mwanafunzi wa uhandisi, alikaa na kofia usoni kama robo saa baada ya televisheni kuzimwa, na mwenzake akamwambia, "Mwakani tutarudi." Na kweli mwaka uliofuata walirudi. Hawakulitwaa.

Msimu wake wa mwisho, 2019, timu ilikuwa ya kusuasua. Mwezi Machi alipata ushindi wa 2,000, wakampigia makofi, halafu wakaanza kufungwa ovyo mpaka ikawa mashaka kama wataitwa kwenye mashindano ya taifa. Waliitwa kwa kuchungulia dirishani. Wakaenda Georgia, ugenini, wakawachapa wenyeji 12 kwa 3 na kesho yake 10 kwa 1. Wakaenda Louisiana kwa LSU, chuo kikuu cha jimbo lile, ugenini tena, mbele ya watu wasiokutakia mema, wakashinda 6 kwa 4, kisha 5 kwa 4 baada ya zamu 12, maana zile tisa ziliisha sare. Mzee wa miaka 75 akarudi Omaha mara ya 17.

Mechi ya kwanza na Arkansas. Mrushaji wake, Drew Parrish, alipanda kichuguu akakaa zamu nane bila kuruhusu mbio. Upande wa pili vile vile, sifuri. Hadi zamu ya tisa ndipo vijana wa Martin wakapata mbio moja, ikabaki hiyo hiyo mpaka mwisho. Moja kwa sifuri. Niliifuata kwenye simu, Bongo ikiwa usiku wa manane, intaneti inakatika kila ninapotaka kushangilia. Nikasema, safari hii Mungu ameamua. Mechi ya pili Michigan wakawafunga 2 kwa 0. Ya tatu Texas Tech, 4 kwa 1. Mechi tatu, mbio mbili. Kazi ya miaka 40 ikaishia hapo.

Akamwachia timu mwanawe, Mike Martin Mdogo, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Mtoto alikaa misimu mitatu, mmojawapo ukakatwa na korona, akaondolewa 2022. Mwaka 2023, chini ya kocha mpya, chuo kile kikakosa mashindano ya taifa, jambo ambalo katika miaka yote ya mzee halikutokea. Mzee mwenyewe wakati huo alikuwa anasumbuliwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Alifariki tarehe 1 Februari 2024, siku 11 kabla ya kutimiza miaka 80. Kumi na moja. Mimi si mtu wa nyota, nawasomea kalenda tu.

Kocha mpya mwenyewe, Link Jarrett, aliwahi kuchezea timu ya Martin miaka ya tisini. Miezi minne baada ya msiba aliirudisha Omaha. Mechi ya kwanza na Tennessee waliingia zamu ya tisa wakiongoza 11 kwa 8. Wakafungwa 12 kwa 11. Nilipoona matokeo nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, mke wangu akaniuliza kuna nini, nikasema hamna, kuna watu wamerudi nyumbani.

Mwenyekiti ananionesha saa. Mwalimu mmoja aliniuliza asubuhi tukinywa chai: "Sasa huyo mzee wako, alikuwa analipwa?" Alikuwa analipwa, na vizuri, tusidanganyane. Wewe na mimi nauli ya kwenda uwanjani inatoka mfukoni. Kwa hiyo sikuja kuwaambia mkawe kama yeye. Ninachowaomba wakuu wa shule mliomo humu, na nimewaona wanne, ni kitu kidogo: msimu ukiisha, kabla hamjamwita mwalimu wa michezo ofisini, ombeni daftari lake la mahudhurio ya mazoezi. Mtazame Jumanne walikuja wangapi Februari, na wangapi Mei. Kama daftari hana, hapo mna haki ya kumwuliza.

Na wale wa mpira wa wavu mnaonisubiri nje, neti iko kwenye gari, funguo ninazo mimi. Nakuja.